Mimi Nasema, Yeye Anaandika

Laptop tuliyopewa haikuwa na kitufe cha Tab. Mahali pake palikuwa na shimo, na katikati ya shimo kidude cheupe cha mpira kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Ilikuwa imetumika huko ng'ambo mpaka ikachokwa, ndipo ikaletwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Mashimoni, mtaani kwetu kwenye mabanda, ambako tulikuwa tunafundishwa kuandika programu za kompyuta bure. Mwalimu wetu, tichee, alitugawa wawili wawili. Mimi niliwekwa na mwanamke ambaye sikuwa namjua, mkubwa kwangu kidogo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita, na nilikuwa namaanisha.

Nilikuwa nimemaliza Form Four na gredi ya kunionyesha mlango, kisha nikapata mtoto. Baba yake alienda kutafuta kazi ya mjengo nje ya mji na yuko huko mpaka leo. Kama bado anajenga, basi hiyo ghorofa imefika mbinguni. Nilibaki Gatwekera, huko huko mtaani, na msichana mdogo asiyetaka chupa, asiyetaka uji, asiyetaka kushikwa na mtu mwingine. Alitaka titi, basi. Mchana nilikuwa naenda kufulia watu nguo huko kwenye maghorofa ya wenye pesa, naye akiwa mgongoni, na siku za darasa nilikuja naye hivyo hivyo. Mkono mmoja ulishika kichwa chake, mwingine ukashika titi. Mikono ya kuandika ikabaki ni ya mwenzangu.

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nieleze hii kitu kwa wale hawajaiona. Unapoandika msimbo, yaani yale maagizo kompyuta inayafuata, programu unayoandikia inakutolea kijisanduku chini ya neno lako. Umeandika herufi mbili tu, yenyewe imeshakisia unataka kusema nini, imekupangia maneno uchague. Ukibonyeza Tab, neno linajimaliza. Sisi Tab hatuna. Ukibonyeza Enter pia linajimaliza, na hapo ndipo ilitutesa, maana Enter ndiyo hiyo hiyo ya kushuka mstari. Unataka tu kushuka, yenyewe inakurushia neno ambalo hukuliomba. Mwenzangu akawa anaandika, anafuta, anaandika, anafuta.

"Hii kitu inaniingilia maneno kama mama mkwe," alisema.

"Wacha tuifunze adabu," nikamwambia.

Mimi ni mtu wa kusoma. Sijui niseme hivyo bila kuonekana najisifu, lakini ni kweli. Mtoto akilala nilikuwa nasoma kwa simu vile ile programu inavyorekebishwa, mistari kwa mistari ya Kiingereza kigumu. Nikapata mahali pa kuzima Enter isikubali chochote. Nikapata mahali pa kusema kwamba mshale wa kulia ndio utakuwa Tab yetu. Tukizima hiki, tunawasha kile, mpaka kijisanduku kikaacha kelele na kuanza kutusikia.

Kisha tichee akatufunza kutengeneza njia zetu za mkato. Alikuwa amekataa zile za akili bandia zinazokuandikia kazi nzima. Alisema zinakula bundles za intaneti, na laptop hizi zenyewe zingezimia. "Mtatengeneza zenu," akasema. Unafungua faili moja kwenye mipangilio, unatoa neno fupi, halafu chini yake unaandika kile kirefu unachotaka kitokee. Siku nyingine ukiandika lile neno fupi, kirefu chote kinamwagika chenyewe.

Nilipenda hiyo kitu mpaka nikaogopa. Nilikuwa sijawahi kuambia kitu chochote duniani kifanye hivi, na kikafanya.

Nikatunga maneno. "Zunguka" ilitoa mistari yote ya kurudia jambo moja kwa kila jina. "Kama" ilitoa ile ya kuuliza, na "ongea" ya kuonyesha kitu kwenye skrini. "Choma" ilikuwa ya kufuta. Tichee alisema tutumie Kiingereza tu, nikamjibu Kiingereza kimejaa huko ndani tayari, huku mlangoni wacha tuingie na chetu. Akacheka, akaniachia.

Mabano ya duara tuliyaita sufuria. Yale ya mkunjo tuliyaita masikio. Mtu akipita nje ya dirisha angedhani tunapika.

"Fungua sufuria."

"Nimefungua."

"Weka jina. Koma. Weka lile lingine. Funika. Sasa leta masikio."

"Ya ng'ombe ama ya mbuzi?"

"Ya babako."

"Babangu alikuwa na masikio madogo, mami. Hii kazi haitaingia."

Darasa zima lilikuwa likicheka, na mtoto akiacha titi aangalie ni nini. Kila neno fupi kwenye ile faili lilikuwa langu. Kila herufi iliyokuwa chini ya neno ilipita kwenye vidole vya mwenzangu. Hiyo sikuiona. Nilikuwa naona tu kwamba tunamaliza kabla ya wengine, na kwamba tichee anaweka skrini yetu ukutani wengine waige. Wakaiga. Laptop zote za ule ukumbi zikaanza kuzunguka na kuchoma kwa maneno yangu.

Na nilivimba, sitaficha. Wakati mwingine nilifika nimechelewa, nikamkuta mwenzangu ameandika zoezi herufi kwa herufi, bila hata kuita "zunguka" moja.

"Sasa unateseka kwa nini na tulishatengeneza?"

"Mkono wangu unataka kujua kile unafanya," alisema.

Nilimcheka mbele ya watu.

Kisha ikaja habari ya Kawangware. Kulikuwa na ofisi ndogo huko inayotengenezea zahanati programu za kuandikisha wagonjwa, na walitaka mtu mmoja, wamfunze huku anafanya kazi. Tichee alitoa majina mawili, langu na la mwenzangu. "Lakini nafasi ni moja," akasema, na akaangalia chini kama yeye ndiye alikuwa ameipunguza.

Niliitaka ile kazi hadi meno yakauma. Nilikuwa nimechoka kusugua suruali za wanaume ambao siwajui. Nilitaka kukaa kwenye kiti, nifikirie, nilipwe kwa kufikiria. Na kwa roho yangu, Mungu anisamehe, nilijua ni yangu. Nani alikuwa anasema na nani alikuwa anaandika?

Siku yenyewe tulienda kwa miguu, tukapanda hadi Ngong Road, tukavuka, tukaendelea tukipokezana mtoto. Mwenzangu alikuwa anamwimbia kwa Kijaluo, anamwita nyathina, yaani mtoto wangu. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe. Ni nani mwenye akili anayenyonyesha na anavaa blauzi nyeupe? Lakini nilitaka kufanana na ofisi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la rangi na simiti. Bosi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imekaa juu ya kichwa, na kulikuwa na vijana wawili wa kiume wamefunika masikio na vile vidude vya muziki. Nilitoa laptop yetu kwenye begi. Bosi akainyooshea kidole: "Hiyo rudisha. Hapa tunatumia zetu."

Ilikuwa mashine mpya, imejaa vitufe vyote. Nilimpa mwenzangu mtoto, nikakaa.

Jaribio lilikuwa jepesi. Aki lilikuwa jepesi, na ndilo linaloniuma. Majina ya watoto wa zahanati, toa wale wamechanjwa, onyesha wale wamebaki. Niliona jibu lote hata kabla bosi hajamaliza kueleza. Nikaandika "zunguka" nikabonyeza mshale wa kulia.

Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena. Neno langu likakaa pale peke yake kwenye skrini kubwa, limepigiwa mstari mwekundu chini, kama mgeni ambaye hakualikwa. Nilijua kwa nini. Maneno yetu yalikuwa kwenye laptop yetu, na laptop yetu ilikuwa kwenye begi. Nilijua tangu aliposema rudisha, ila kichwa kilikataa kusikia. Nikafuta, nikasema basi niandike kirefu. Na kirefu hakikuja. Ndani ya kichwa nilikuwa najisikia vizuri kabisa nikisema fungua sufuria, weka jina, funika. Lakini zile herufi zenyewe, kwa mpangilio wake, hazikuwa zimewahi kupita kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nazijua kama vile mtu anajua wimbo wa kanisa la jirani. Nikaanza mstari kwa kubahatisha, nikabonyeza Enter nishuke, na kile kijisanduku, ambacho hapa hakuna mtu alikifunza adabu, kikanirushia neno refu ambalo hata sijui ni la nini. Nikafuta. Nikabonyeza tena. Kikanirushia lingine.

"Hujui kushuka mstari?" bosi akauliza.

"Najua."

"Basi shuka."

Kijana mmoja alitoa vidude masikioni, akainama aone. "Madam, na hii zunguka ulikuwa umeandika ni nini?" Hakuwa ananidharau, nafikiri. Alikuwa anauliza tu. Mwenzake ndiye alicheka kwa pua.

Mtoto akaanza kulia kule nyuma. Na mwili wa mama hauulizi ruhusa. Maziwa yalishuka, nikayasikia yakishuka, na nilipoangalia blauzi ilikuwa na duara mbili zimelowa mbele, zinaongezeka. Vijana wote wawili waligeuza macho ukutani kwa wakati mmoja. Ingekuwa afadhali wangeangalia.

"Nipe muda kidogo niweke maneno yangu," nikamwambia bosi. "Nikishaweka, naimaliza."

"Mfanyakazi wangu anakaa kwenye kompyuta yoyote na anafanya kazi."

"Basi wacha nikuambie kwa mdomo. Naijua yote."

"Hapa hatuimbi, mama. Tunaandika."

Nilisimama. Hiyo safari kutoka kwa kile kiti hadi kwa mwenzangu ilikuwa hatua chache tu, na bado naitembea mpaka leo. Nilichukua mtoto, nikakaa kwenye benchi kando ya mlango, nikajifunika na leso na kumpa titi, maana nilikuwa nimeshalowa, nini kingine cha kuficha?

Mwenzangu akakaa. Naye pia hakuwa na maneno yetu. Lakini mikono yake haikuuliza mtu. Kijisanduku kikitokea, anakifunga, anaandika herufi kwa herufi, polepole, kama mtu anachambua mchele. Mistari ikajipanga. Mimi nikiwa pale chini ya leso nilianza kuelewa nilikuwa nimefanya nini miezi yote ile.

Akajaribisha. Jibu likatoka baya. Mtoto mmoja aliyechanjwa alikuwa bado kwenye waliobaki. Mwenzangu akaangalia, akajaribu tena, mtoto yule yule. Alikuwa anafuta majina kwenye orodha ile ile anayoipitia, na ukitoa jina moja, linalofuata linasogea kwenye nafasi yake, nawe unaliruka bila kujua. Mimi niliona kutoka kwa benchi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku zote, kuona.

Alijikuna shingo. Akageuka, akaniangalia.

Ningenyamaza. Nafasi ni moja. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea, ulifunguka wenyewe.

"Usichome ndani ya ile ile. Tengeneza ingine tupu, halafu weka ndani wale unataka."

Bosi akageuka. "Nimekuuliza wewe?"

Kisha akaangalia skrini, akashusha miwani kutoka kwa kichwa, akaangalia tena. "Hebu sema vile umesema."

Nikasema. Nilisema yote kutoka mwanzo, mtoto akiwa titini, sufuria na masikio na kila kitu, na wale vijana wakiwa wamegeuka na viti vyao. Mwenzangu akaandika bila kuuliza hata mara moja, kama tuko Mashimoni. Tulipofika mwisho akajaribisha, na majina yakatoka safi.

Hakuna aliyepiga makofi. Bosi alimwangalia mwenzangu. "Huyu asingekuwa hapa, ungemaliza?"

Mwenzangu hakuniangalia. "Ningemaliza tu," akasema. "Nilikuwa nafikiria hapo hapo."

Mimi mwenye mdomo, mimi ambaye nimegombana na wenye nyumba, na makanga wa matatu, na nesi, sikusema kitu. Nilikuwa na blauzi iliyolowa na nilikuwa nimeambiwa hapa hatuimbi. Bosi akamwambia aje Jumatatu. Akaniambia mimi, kwa upole hata, "Wewe jifunze kuandika kwanza. Kichwa iko."

Kichwa iko! Kama vile unaambia mtu nyumba yake imeungua lakini ufunguo uko.

Tukarudi. Mwenzangu alinyoosha mikono amchukue mtoto, nikakataa. Tulipofika penye vumbi la barabara inayotengenezwa ndipo alifungua mdomo.

"Ungetaka nisemeje?"

"Ukweli."

"Kwa huo ukweli angetufukuza wote wawili. Hiyo ingekusaidia na nini?"

Nilimkaza mtoto, nikaongeza mwendo.

"Mami, hata mimi niko na watoto," akasema. "Ni vile tu wangu hawanyonyi."

Nilitaka kumchukia kwa amani na yeye akaharibu hata hiyo.

Jumatatu akaenda kazini. Laptop ikabaki yangu peke yangu. Nilifungua mipangilio, nikazima kijisanduku chote, nikazima na maneno yangu. Nikamtandikia mtoto leso kwenye sakafu ya ukumbi, nikaanza kuandika kwa kidole kama mtoto wa nasari. Huku nyuma yangu nasikia wengine wakiitana, "Weka zunguka hapo," "Hiyo choma." Maneno yangu yanawafanyia kazi, na mwenye kuyatunga anatafuta herufi moja moja kwenye kibodi.

"Washa ile kitu umalize haraka," tichee akaniambia.

"Sitaki haraka."

Hakurudia.

Simu ya kwanza ilinipata kwenye foleni ya maji. Mwenzangu alikuwa ananong'ona, nadhani alikuwa kwenye ngazi. Alikuwa amepewa kazi ya kupanga wagonjwa kwa tarehe ya kurudi na imemshinda.

Ningekata. Kila mwanamke anayenisoma atasema ningekata. Badala yake niliuliza, "Umeanza aje?" Akaniambia. Nikaweka mtungi chini, nikafunga macho, nikaiona. Nikaanza kumwambia, na kwa sababu ya kelele nilikuwa napiga makelele: fungua sufuria, weka tarehe ya kwanza, weka ya pili, funika. Mama mmoja nyuma yangu akamwuliza mwenzake, "Huyu anafunza nani kupika kwa simu?"

"Na hajasema chumvi," yule mwingine akasema.

Foleni ilicheka, nami nikacheka nao. Mwenzangu akasema, "Imekubali! Aki imekubali!" na mimi nikafurahi. Hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko ya blauzi. Nilibeba maji yangu nikipanda Gatwekera na nilikuwa naimba. Mtu amekalia kiti changu, na mimi naimba kwa sababu ameniuliza swali.

Akapiga tena, na tena. Nilianza kungoja. Nikifua nguo za watu naweka simu juu ya ndoo nisikose. Alikuwa ananiletea shida za huko na mimi nazila kama chakula. Mpaka siku moja, tulipomaliza, akasema huku akicheka, "Unajua bosi ameniambia aje? Ati niko na kichwa."

Alisema tu kama habari. Sidhani alitaka kuniumiza. Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka kiwiko.

"Mwambie hiyo kichwa ni yangu," nikasema.

Kicheko chake kikakatika.

"Mwambie. Mwambie kuna mtu huwa unampigia."

"Nikimwambia atauliza mbona nilidanganya."

"Si ulidanganya?"

"Mami..."

"Usiniite mami. Mwambie, ama usinipigie tena."

Nilisikia ngazi, mtu akipita, mlango. Halafu akakata.

Hajapiga. Sasa naweza kuandika ile ya kurudia kwa mikono yangu miwili, bila kuangalia popote, na ile ya kuuliza, na ile ya kutengeneza orodha tupu na kujaza wale unaotaka. Mtoto ameanza kutambaa, anapita chini ya mabenchi kuvuta nyaya, na wenzangu darasani wananirudishia kwa zamu. Tichee anasema nisingoje mtu, nipande Kawangware mwenyewe, niombe yule mama anikalishe tena kwenye kompyuta yoyote anayotaka. Nitaenda. Nimemwambia nitaenda. Sitavaa nyeupe.

Lakini simu ikilia, kabla sijaona ni nani, moyo unaruka na kichwa kinaanza kujipanga, kinauliza umeanza aje, umeweka nini ndani. Jana ilikuwa ni mama mboga, anauliza kama aniwekee sukuma wiki ama auze. Nilimfokea bure, mama wa watu.